Amana ya Maua Katika Nchi ya Baridi



Wengi wenu mna watoto au ndugu waliokwenda kukaa katika nchi za baridi, nao huwaandikia habari za theluji, na nguo nzito, na siku zilizo fupi. Mimi leo nataka kuwapa habari ya jambo lililo dogo kuliko hayo, nalo ni jinsi maua yanavyolindwa huku wakati wa baridi, na jinsi mimi nilivyoiharibu amana ya mtu huku nikidhani ya kuwa naitunza. Yeye aliyeniwekea amana ile ameniruhusu kuyaeleza haya yote, ila jina lake nisilitaje.

Naandika katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, kando ya mto mkubwa wa Mississippi. Lakini mimi ni mtu wa Makete, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na watu wa kwetu si wageni wa baridi. Katika miezi ya Juni na Julai twaamka alfajiri na kuona sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda nyeupe juu ya majani, na shamba la viazi laweza kuungua kwa usiku mmoja. Jirani na kwetu ndiko Kitulo, uwanda wa juu uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya wingi wa maua yake. Mengi katika maua yale hulala chini ya ardhi wakati wa kiangazi, akiba yao imo katika mizizi, hata mvua zinapoanza huchomoza tena. Basi nalipofika huku nalijiambia ya kuwa baridi naijua, na maua yanayolala nayajua. Kumbe sikujua.

Maana baridi ya kwetu huja usiku, na jua likipanda huondoka. Baridi ya Missouri huja ikakaa, tena haina msimamo. Nchi hii iko katikati ya bara, wala hapana mlima mrefu wa kuzuia pepo. Upepo mkavu wa barafu hushuka kutoka Kanada, na upepo wa joto wenye mvuke hupanda kutoka Ghuba ya Mexico, nazo hukutana juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo katikati ya Januari mtu aweza kutoka nje leo bila koti, na kesho maji yakaganda ndooni. Wazee wa hapa hawajasahau mwaka 2007. Machi ya mwaka ule ilikuwa ya joto mno, miti ikachanua mapema. Kisha mwanzoni mwa Aprili, katika siku za Pasaka, baridi kali ikarudi usiku baada ya usiku, ikaua maua ya mitufaha na mipichi, na ngano mashambani, katika majimbo mengi.

Tulikuwa na jirani, bibi mjane aliyepita miaka 80. Mimi nalimwita Mama, naye aliniita Mwalimu. Mwezi wa Agosti 2022 nguvu zake zilikuwa zimepungua, akahamia nyumba ya kutunzia wazee. Siku mbili kabla ya kuondoka aliniita, akanipa kikapu. Ndani yake mlikuwa na viazi 12 vya ua liitwalo irisi. Nawaambia viazi, lakini kwa umbo vyafanana zaidi na tangawizi, vyenye mafundo na mizizi upande wa chini. Ua lake ni la rangi ya zambarau. Lina petali tatu zinazosimama na tatu zinazoinama, na juu ya zile zinazoinama pana manyoya kama ndevu. Viazi vile vilitoka katika bustani ya mama yake, aliyeishi shambani, na kila alipohama alivichukua pamoja naye. Sasa mahali aendapo hapana bustani. Aliniambia, "Mwalimu, hivi ndivyo vilivyobaki vya nyumbani kwetu. Usivifukie sana. Migongo yao na ipate jua." Tena alinipa mfuko wa karatasi wenye tulipu na dafodili 40, ambazo mizizi yake ni mviringo kama vitunguu, akasema nizipande Oktoba. Nami nalimwahidi kwa kinywa changu ya kuwa nitavitunza vyote.

Irisi nalizipanda mkono wa kushoto wa mlango wetu, kama alivyoniagiza. Vile vitunguu vya maua nalivipanda mkono wa kuume. Lakini siku ile nalikuwa na haraka, na udongo ulikuwa mgumu, nikachimba inchi 3 tu, nikafukia, nikaenda zangu.

Ikaja tarehe 22 Desemba 2022. Wakaao Marekani wataikumbuka dhoruba ile, maana ilishika sehemu kubwa ya nchi. Siku ile baridi ilishuka kwa saa chache kuliko nilivyopata kuona, na usiku ule ikapita nyuzi 15 za sentigredi chini ya sifuri. Jioni nalisimama dirishani nikatazama irisi za Mama, migongo yao wazi, nikaona huruma, tena hofu. Nalisema moyoni, je, nitamwambia nini zikifa? Nikatoka na taa. Nalikusanya majani ya miti yaliyolowa, nikayarundika juu yao yakafika magotini. Nikayafunika kwa karatasi ya nailoni, nikaweka mawe pembeni, kama mtu amfunikavyo mtoto mwenye homa. Lakini vitunguu vya maua sikuvifunika kwa kitu cho chote, maana nalidhani vimo chini ya udongo, basi vi salama. Nikarudi ndani nikalala, moyo wangu umetulia.

Januari na Februari 2023 zikawa na joto kupita desturi, ila katikati yake zikaja siku za barafu. Udongo mtupu wa mkono wa kuume uliganda, ukayeyuka, ukaganda tena. Ninyi walimu mwajua ya kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa, na chupa iliyojaa hupasuka. Ndivyo yafanyavyo ardhini pia. Maji ya udongoni hugeuka barafu, barafu hiyo huvuta maji mengine kutoka chini, nayo huuinua udongo pamoja na kilichomo. Barafu ikiyeyuka, udongo hurudi chini, lakini kitunguu hakirudi mahali pake. Baada ya mara kadhaa nalikuta vitunguu vingi vimekaa juu ya ardhi, mizizi imekatika, na panya wa shambani wamekwisha kula tulipu. Dafodili hawakuzigusa, maana zina sumu.

Walakini hayo yalikuwa mepesi. Mwezi wa Machi nalikwenda kuzifunua irisi. Nalipoinua ile nailoni harufu mbaya ilinipiga usoni. Chini yake mlikuwa na joto na unyevu kama ndani ya chungu. Nalishika kiazi cha kwanza, kikabonyea mkononi kama uji uliochacha. Cha pili hivyo hivyo. Katika 12, tisa vilikuwa vimeoza vyote, na vitatu vilibaki na ncha ngumu tu, kila kimoja kama kidole gumba. Baridi ile kuu haikuviua. Niliyeviua ni mimi.

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Siku ile ile nalipata wazo la kwenda dukani kununua irisi nyingine za rangi ya zambarau, nizipande pale pale, nikae kimya. Mama hangeweza kuja kuzitazama. Nani angejua? Nalimwambia mke wangu. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniambia, "Baba watoto, yeye hakukupa rangi ya zambarau. Alikupa vitu vya mama yake. Nenda ukamwambie." Nikajua ya kuwa amesema kweli, nami sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata nalikwenda, nimezichukua zile ncha tatu katika leso. Nalimweleza yote, na haraka yangu ya Oktoba pia. Alikaa kimya kitambo kirefu, akazishika ncha zile moja moja. Nalitamani anikemee, ingekuwa nafuu. Hatimaye alisema, "Mwalimu, usiku ule aliyeona baridi ni wewe, si wao." Kisha akaagiza karatasi na kalamu, akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nawapa hapa mafundisho yake kwa utaratibu, ili mwenye ndugu huku ampelekee.

Jambo la kwanza ni kwamba baridi yenyewe si adui wa maua haya, bali ni chakula chao. Tulipu isipopata baridi kwa majuma 12 au zaidi haitoi ua jema, ndiyo maana wakaao katika nchi za joto huviweka vitunguu vyake katika sanduku la barafu kabla ya kuvipanda. Adui ni kugeuka-geuka. Mmea uliolala ukiamshwa, ukalazwa, ukaamshwa tena, huchoka ukafa. Kwa hiyo tunapofunika hatufuniki ili kuupa udongo joto. Twafunika ili udongo uliokwisha kuwa baridi ukae na baridi yake hata wakati wake wa kuamka.

Kutokana na hilo lafuata la pili. Usifunike mapema. Ngoja hata uso wa ardhi ugande, ambao hapa kwetu mara nyingi ni Desemba. Ukifunika udongo ungali na joto, joto hilo hufungiwa ndani, na panya huona umewajengea nyumba. Tena kifuniko kiwe chepesi, kipitishe hewa: nyasi kavu, au majani ya msonobari, au majani ya miti yaliyokatwa-katwa, unene wa inchi 3 au 4. Majani mazima yakilowa hugandamana kama karatasi zilizomwagikiwa maji. Nayo nailoni haifai kabisa.

La tatu lahusu kina. Kitunguu cha ua kipandwe chini mara tatu ya urefu wake, na tulipu inchi 6 hata 8. Huko chini kuganda na kuyeyuka hakufiki upesi. Saa moja ya kuchimba vema mwezi wa Oktoba yapita vifuniko vyote vya Januari. Tena mahali penyewe pasituamishe maji.

La nne ni la irisi, nalo ni kinyume cha hayo. Kiazi chake hukaa juu juu, na mgongo wake hutaka jua na upepo. Irisi iliyokwisha kushika mizizi haihitaji kufunikwa. Ile iliyopandwa mwaka ule ule yaweza kuwekewa nyasi chache kavu baada ya ardhi kuganda, nazo ziondolewe mara majira ya kuchipua yanapoanza. Ikiwa barafu imeiinua, usiikandamize kwa nguvu ukavunja mizizi. Izungushie udongo au mchanga, au uweke jiwe dogo juu yake mpaka ishike. Tena majira ya majani kupukutika ukusanye majani yake makavu uyatupe mbali, maana nondo mmoja hutaga mayai humo, na funza wake hutoboa kiazi wakati wa kuchipua, na palipotobolewa uozo huingia. Kilichooza kikatwe kwa kisu safi mpaka kwenye nyama ngumu, kisha kiachwe juani kikauke kabla ya kupandwa tena.

La tano ni kutotishika. Joto la Januari likiwadanganya dafodili zikachomoza majani, mwenye bustani asipige kelele. Majani hayo ni magumu. Ncha zake zaweza kuungua, lakini ua lenyewe lingali limefichwa chini. Atupe nyasi kidogo, basi. Ila machipukizi ya maua yakiwa yamekwisha kutoka, na habari za hali ya hewa zasema usiku utakuwa wa sakitu kali, hapo ayafunike jioni kwa shuka kuukuu au kikapu, kifike mpaka chini ili joto la ardhi lisitoroke, na asubuhi akifunue. Kama udongo ni mkavu aunyweshe maji mchana ule, kwa kuwa udongo wenye unyevu hushika joto la jua kuliko ulio mkavu.

La sita lilinishangaza. Theluji, ambayo mimi naliiogopa kuliko vyote, ndiyo kifuniko bora. Ndani yake mna hewa nyingi iliyofungwa, kama katika pamba, nayo huizuia baridi ya juu isishuke chini. Ila theluji iliyokokwa barabarani isirundikwe bustanini, kwa sababu ya chumvi imwagwayo njiani.

Nalirudi nyumbani nikazikata zile ncha tatu, nikazianika, nikazipanda, migongo yao wazi. Mwaka ule hazikuchanua. Katikati ya Januari 2024 baridi kali ilikuja tena, nami nalisimama dirishani kama kwanza, na mikono yangu ikawasha kutaka kufunika. Mke wangu alinitazama, akaicheka ile mikono, akanipa kikombe cha chai niishike. Sikutoka nje. Wala sidhani ya kuwa nimepata kufanya kazi ngumu zaidi katika bustani kuliko ile ya kukaa ndani usiku ule. Mwanzo wa Januari 2025 mvua ya barafu na theluji nyingi ilianguka, na bustani yote ikawa chini yake. Safari hii nalilala usingizi.

Mwezi wa Mei 2025 irisi zile zilitoa mabua matano. Nalikata bua moja, nikampelekea Mama. Macho yake yamepungua sana, kwa hiyo hakulitazama kwanza, bali alilinusa. Irisi nyingine zina harufu kama ya zabibu mbivu. Alilishika kifuani, akasema, "Ndiyo yenyewe." Hakusema zaidi, wala mimi sikuweza.

Nalipotaka kuaga aliniuliza, "Je, mwezi wa Agosti utavigawa?" Maana irisi hutaka kung'olewa na kugawanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, la sivyo husongamana na kudhoofika. Nalimjibu ya kuwa naogopa, nisije nikavipoteza vyote. Akasema, "Mimi ndiye niliyekosa. Naliviweka vyote mahali pamoja kwa miaka mingi, kisha nikampa mtu mmoja. Wape watu watatu, na baridi ikiua kwa mmoja, yule mwingine atakurudishia." Basi Agosti ile nalivigawa. Nyumba tatu za mtaa wetu sasa zinavyo, na kila nyumba naliipa viazi, pamoja na karatasi yenye mafundisho yale sita.

Nami nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na tangu Machi ile siachi kuwafikiri wanafunzi wangu. Wako waliohitaji kuwekwa chini sana na kufunikwa, wapate kutulia, nami naliwaacha juu wakarushwa huku na huku. Wako waliohitaji jua na upepo tu, nami naliwafunika kwa maonyo na ulinzi hata wakakosa hewa. Kwa wote wawili nalidhani nafanya wema. Sasa kabla ya kumfunika mtu hujiuliza swali la Mama: ni nani hasa anayeona baridi, ni yeye au ni mimi?

Ninyi mlio na bustani katika nyanda zetu za juu, huko Makete, na Njombe, na Lushoto, na kote kunakoshuka sakitu, yajaribuni yanayowafaa katika haya. Nanyi mlio na mtoto katika nchi ya baridi, mwandikieni msipohesabu theluji tu, mkamwulize pia habari za jirani yake mzee. Huenda akawa na kikapu anachotafuta mtu wa kumpa.

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi ndugu yenu, mwalimu wa Makete.